Barua kwa Mhariri: Scott Turow hakuiacha sheria

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nisahihishe habari moja ambayo kurasa za vitabu huirudia kila jina la Scott Turow linapotajwa. Husimuliwa hivi: wakili wa Chicago alichoshwa na mahakama, akaandika riwaya akiwa kwenye treni, ikamtajirisha, akaipa sheria mgongo. Treni ni kweli. Fedha ni kweli. Yaliyobaki yamepinda, na anayeumia zaidi ni mwanasheria kijana mwenye hamu ya kuandika, anayeamini kwamba miaka yake mahakamani peke yake itamzalia riwaya.

Turow alikuwa mwandishi kwanza. Alizaliwa Chicago tarehe 12 Aprili 1949, baba yake akiwa daktari wa wanawake na uzazi. Alihitimu Amherst College mwaka 1970, akaenda Stanford kwa ufadhili wa masomo ya uandishi wa kubuni, na baada ya miaka miwili akabaki hapo hapo kuwafundisha wengine hadi 1975. Katika kipindi hicho aliandika riwaya kuhusu wapangaji waliogoma kulipa kodi ya nyumba. Hakuna mchapishaji aliyeichukua. Lakini kuiandika kulimlazimu asome sheria ya mwenye nyumba na mpangaji, na sheria yenyewe ikamnasa. Mwaka huo wa 1975, akiwa na umri wa miaka 26, akaingia shule ya sheria ya Harvard.

Kwa hiyo kabla hajaanza kusoma sheria alikuwa amekaa miaka mitano mahali ambapo kazi ya mtu husomwa na wenzake na kukosolewa neno kwa neno. Alichokikosa hakikuwa ufundi wa sentensi. Alikosa mada ambayo mtu asiyemjua angelipa fedha kuisoma, na mada hiyo sheria ilimpa.

Hata kitabu chake cha kwanza kuchapishwa, One L, hakikuwa riwaya. Alikwenda Harvard akiwa tayari na mkataba wa kukiandika, na kilitoka mwaka 1977, mwaka mmoja kabla hajahitimu. Kinaeleza mwaka wa kwanza wa mwanafunzi wa sheria: mwalimu humsimamisha mmoja kati ya darasa zima, humtaka aeleze kesi, kisha humbana kwa swali juu ya swali mpaka kila alichodhani anakijua kiporomoke. Majina ya walimu na wanafunzi aliyabadilisha. Kitabu hicho kinasomwa mpaka leo na Wamarekani wanaojiandaa kuingia vyuo vya sheria.

Mwaka 1978 aliajiriwa kuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu mjini Chicago, kazi aliyoifanya hadi 1986. Alikuwamo katika kesi ya kodi iliyomtia hatiani William Scott, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Illinois, mwaka 1980. Ila kilichomjenga zaidi kama mwandishi, kwa maoni yangu, ni operesheni iliyopewa jina la Greylord.

Greylord ililenga rushwa katika mahakama za kaunti ya Cook, ambayo ndiyo kaunti ya Chicago. Wapelelezi walitunga kesi za uongo na kuzipeleka mbele ya majaji halisi. Mwendesha mashtaka kijana, Terrence Hake, akajifanya mla rushwa, baadaye wakili wa utetezi anayetoa rushwa, huku kinasa sauti kimefungwa mwilini mwake. Kwa kibali cha mahakama, chombo cha kunasia sauti kiliwekwa hata ndani ya ofisi ya jaji. Walishtakiwa watu zaidi ya 90, wakiwamo majaji 17, na 15 kati ya hao walitiwa hatiani.

Turow aliongoza mashtaka dhidi ya Jaji Reginald Holzer. Huyu hakuwa mtu wa bahasha chini ya meza. Alikuwa akiwaomba mikopo mawakili wenye kesi mbele yake, na wakili ambaye mteja wake anasubiri uamuzi wa jaji hawezi kumdai jaji huyo. Alitiwa hatiani mwaka 1986. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani iliibana tafsiri ya kosa la ulaghai kwa njia ya posta, na makosa ya Holzer ya aina hiyo yakafutwa katika rufaa. Ya kujipatia fedha kwa kutumia vibaya madaraka yakabaki. Bunge la Congress liliziba pengo hilo la sheria mwaka 1988. Anayetaka kujua kwa nini riwaya za Turow zimejaa ushindi wenye kasoro, mashtaka yanayosimama kwa mguu mmoja na haki inayopatikana kwa sababu zisizo sahihi, aanzie kwenye kesi za namna hii.

Kesi za rushwa zina somo jingine, nalo ni la mazungumzo. Katika kanda za namna hiyo mtu anayetoa rushwa hatamki rushwa. Anauliza afya ya familia, anasema yule rafiki yetu ameelewa, anasema mambo yako sawa. Mwendesha mashtaka ndiye anayepaswa kuwaonyesha wananchi 12 wasio na taaluma ya sheria kwamba maneno hayo matupu yana uzito gani. Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa miaka hawezi tena kuandika mazungumzo ambayo wahusika wanasema wazi kile wanachokifikiria. Linganisha na riwaya nyingi za mahakama ambamo jambazi hukaa kwenye kiti akaeleza mpango wake wote kwa ufasaha, kana kwamba anahojiwa redioni.

Sasa treni. Turow aliandika daftarini asubuhi, akienda kazini, karibu nusu saa kwa safari. Tupige hesabu: nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, ni saa 120. Hizo ni sawa na wiki tatu tu za kazi ya saa 40. Ndiyo maana riwaya hiyo ya treni, Presumed Innocent, ilimchukua takriban miaka minane. Anayeiga ratiba hiyo ajue anachokinunua.

Na ajue pia kwamba nusu saa haimruhusu mtu kuandika kwa mpangilio, kutoka sura ya kwanza kwenda ya pili. Sehemu kubwa ya muda huo huliwa na kukumbuka ulipoishia jana. Turow aliandika chochote kilichokuwa hai kichwani mwake asubuhi ile: tukio moja, maneno ya shahidi, sura ya chumba cha mahakama. Kuvipanga na kuviunganisha vipande kulikuja baadaye. Njia hii ina faida yake, kwani kila kipande huandikwa kikiwa cha moto, lakini ina madhara mawili ambayo humshinda anayeanza. La kwanza ni tarehe kugongana: shahidi anatoa ushahidi kuhusu ripoti ambayo, ukipiga hesabu, ilikuwa bado haijaandikwa. La pili ni mhusika kujua jambo kabla hajaambiwa. Dawa yake ni ya kiofisi kabisa. Kila kipande kiandikwe juu yake tarehe ya ndani ya hadithi, na pembeni iwepo jedwali la nani anajua nini na kuanzia lini. Wakili mzuri huandaa jedwali kama hilo kabla ya kesi. Ajabu ni kwamba akiandika riwaya hulisahau.

Tena, treni haikumaliza kitabu. Mwaka 1986 Turow aliacha kazi ya serikali, na kabla ya kuanza kazi katika kampuni binafsi ya mawakili alijipa muda wa kukaa mezani kukamilisha muswada. Kazi ya kushona vipande haigawanyiki katika nusu saa nusu saa, kwa sababu mshonaji anahitaji kuwa na kitabu kizima kichwani kwa wakati mmoja. Sehemu hii ya hadithi huachwa kila mara, pengine kwa sababu haipendezi kama treni.

Kampuni ya Farrar, Straus and Giroux ilinunua muswada kwa dola 200,000, ingawa kulikuwa na dau kubwa zaidi mezani. Turow alichagua fedha pungufu kwa sababu ya hadhi ya kampuni hiyo katika fasihi. Huo ni uamuzi wa mtu aliyelelewa Stanford kabla ya mahakama. Haki za toleo la jalada laini ziliuzwa kwa dola milioni 3 na za filamu kwa dola milioni 1. Kitabu kilitoka mwaka 1987 na kukaa zaidi ya wiki 40 katika orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa zaidi. Filamu ya Alan J. Pakula, Harrison Ford akiwa mshtakiwa, ilitoka 1990, na Juni ya mwaka huo sura ya Turow ikawa kwenye jalada la jarida la Time. Mwaka 2024 hadithi hiyo hiyo ilifanywa tamthilia ya televisheni.

Ambaye hajaisoma aruke aya mbili zinazofuata.

Rusty Sabich ni naibu mkuu wa ofisi ya mashtaka. Mwendesha mashtaka mwenzake, Carolyn Polhemus, ameuawa, na bosi wake anamkabidhi Rusty upelelezi akiwa hajui kwamba wawili hao waliwahi kuwa wapenzi. Bosi anashindwa uchaguzi, mahasimu wanaichukua ofisi, na mpelelezi anageuka mshtakiwa. Mwandishi anamfanya mshtakiwa huyo awe msimulizi, kwa nafsi ya kwanza na wakati uliopo. Hapo kuna mtego mgumu sana. Msimulizi akikudanganya waziwazi, msomaji atajiona ametapeliwa. Akikuambia yote, hakuna taharuki. Turow analitatua kwa kumpa Rusty tabia ya kazi yake: ni mtu aliyezoea kusema kinachothibitika tu na kunyamazia kinachokisiwa. Ukikisoma kitabu mara ya pili huoni uongo, unaona ukimya.

Kielelezo kikuu ni bilauri yenye alama za vidole vyake, na wakati wa kesi bilauri haionekani. Mwandishi mwingine angeifanya ipotee kimiujiza. Hapa inapotea kama vielelezo vinavyopotea kweli: ilitoka kwa fulani ikaenda kwa fulani, kila mmoja anadhani mwenzake anayo, na mnyororo wa utunzaji umekatika mahali. Wakili wa utetezi, Sandy Stern, hahitaji kumtafuta mwizi. Anachohitaji ni kuuliza kwa upole, shahidi baada ya shahidi, nani aliipokea, lini, alisaini wapi. Upande wa mashtaka unapofunga ushahidi wake, jaji anaona mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Kwa kuwa juri, yaani lile jopo la raia 12, lilikuwa limekwisha kuapishwa, Katiba ya Marekani inazuia mtu huyo kushtakiwa tena kwa kosa hilo hilo. Mlango huo ukishafungwa, ukweli unaweza kujitokeza bila mahakama kuwa na la kufanya. Sehemu yote ya mwisho ya riwaya inasimama juu ya kanuni hiyo moja.

Hilo ndilo ningependa waandishi wa riwaya za mahakama walitazame kwa makini: kanuni ya sheria ikitumika kama bawaba ya hadithi. Wengi huitumia kama pambo. Humwaga pingamizi na viapo na nyundo ya jaji, halafu jambo linaloamua hadithi ni bahati, kama vile shahidi kuvunjika na kukiri kizimbani. Kukiri namna hiyo kulitangazwa na Erle Stanley Gardner, wakili wa California aliyeanza riwaya za Perry Mason mwaka 1933. Gardner mwenyewe aliijua sheria vizuri, na mara nyingi aliweka mapambano yake katika kikao cha awali cha kupima ushahidi, ambako juri haihitajiki na jaji peke yake anatosha. Walioiga waliacha ujanja huo wa kitaalamu, wakachukua machozi ya kizimbani.

Makosa mengine ya kawaida yanaepukika kwa kujua utaratibu. Shahidi wa kushtukiza: Marekani pande zote mbili zina wajibu wa kupeana taarifa kabla ya kesi, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1963 upande wa mashtaka hauruhusiwi kuficha ushahidi unaomsaidia mshtakiwa. Shahidi wa namna hiyo anawezekana, lakini mwandishi lazima aonyeshe kwa nini hakujulikana mapema, na jaji akasirike. Wakili anayekuta maiti kisha akamtetea mshtakiwa: kanuni za maadili haziruhusu mtu awe wakili katika kesi ambayo atahitajika kama shahidi muhimu. Mwendesha mashtaka anayewauliza wajumbe wa juri kwa nini mshtakiwa hakusimama kujitetea: tangu 1965 hilo limekatazwa, na linaweza kubatilisha hukumu. Na hili husahaulika kuliko yote, kwamba zaidi ya asilimia 90 ya hatia za jinai Marekani zinatokana na washtakiwa kukiri kwa makubaliano. Kesi inayosikilizwa hadi mwisho ni nadra. Kwa hiyo riwaya inadaiwa sababu: kwa nini hii haikumalizwa kwa makubaliano? Sababu hiyo ikiwa dhaifu, kurasa 300 za mahakamani zitaelea hewani.

Turudi kwenye kosa lenyewe. Nadhani nimeona linakotoka: watu huchukua maisha ya John Grisham wakambandika Turow. Grisham, aliyezaliwa Arkansas mwaka 1955, alisomea uhasibu, kisha sheria, akahitimu 1981 na kufungua ofisi mjini Southaven, Mississippi. Alikuwa pia mbunge wa jimbo hilo hadi 1990. Riwaya yake ya kwanza, A Time to Kill, ilikataliwa na wachapishaji wengi, na ilipotoka mwaka 1989 zilichapwa nakala 5,000 tu, 1,000 kati yake alizinunua mwenyewe akazunguka akiziuza. The Firm ya 1991 ndiyo iliyomwezesha kufunga ofisi. Huyo ndiye aliyeacha, na hata yeye alirudi mahakamani mwaka 1996 kutimiza ahadi kwa familia ya mfanyakazi wa reli aliyefariki kazini, akawashindia fidia ya dola 683,500.

Turow alijiunga na kampuni ya Sonnenschein, ambayo baada ya kuungana na nyingine inaitwa Dentons, akabaki wakili huko hadi 2020. Alipunguza saa za kazi, hilo ni kweli, na sehemu kubwa ya kazi aliyoibakiza ilikuwa ya bila malipo.

Kesi yake kubwa ya aina hiyo ni ya Alejandro Hernandez. Yeye na Rolando Cruz walihukumiwa kifo kwa mauaji ya mtoto wa miaka 10 yaliyotokea mwaka 1983 katika kaunti ya DuPage, jirani na Chicago, na baadaye mwaka 1985 mtu mwingine, aliyekuwa akikabiliwa na mashtaka ya mauaji mengine, alisema ndiye aliyeua. Hukumu zilitenguliwa, kesi zikarudiwa, na Hernandez akapewa miaka 80. Turow aliichukua rufaa. Hukumu ilifutwa mwaka 1995, na mwishoni mwa mwaka huo, baada ya Cruz kuachiwa huru, mashtaka dhidi ya Hernandez nayo yakaondolewa. Ifahamike kwamba huyu alikuwa mwendesha mashtaka wa miaka minane. Katika rufaa hiyo kazi yake ilikuwa kuonyesha jinsi waendesha mashtaka wenzake walivyoshikilia walichokwisha kukiamini.

Januari 2000 Gavana George Ryan wa Illinois alisimamisha utekelezaji wa adhabu ya kifo. Tangu adhabu hiyo irudishwe jimboni mwaka 1977 watu 12 walikuwa wameuawa kwa sindano ya sumu, na 13 walikuwa wametolewa katika orodha ya kifo baada ya hukumu zao kuporomoka. Ryan aliunda tume ya watu 14, Turow akiwemo. Aliingia bila msimamo. Ripoti ya Aprili 2002 ilikuwa na mapendekezo 85, mengi yakiwa ya kiutendaji: mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji yarekodiwe kwa video, sababu zinazomfanya mtu astahili kifo zipunguzwe kutoka 20 hadi 5. Januari 2003 Ryan aliwasamehe wanne na kupunguza adhabu za wengine 167. Mwaka huo huo Illinois ikatunga sheria ya kurekodi mahojiano ya kesi za mauaji, na mwaka 2011 ikaifuta kabisa adhabu ya kifo. Turow aliandika hoja zake katika Ultimate Punishment, kitabu kifupi ambacho kina heshima ya kuzipa nafasi hoja za upande alioukataa.

Swali ambalo wanasheria huuliza ni hili: mtu anayeendelea na kazi anaandikaje bila kuvunja siri za wateja? Kanuni ni kali. Siri ya mteja haiishi kesi inapoisha. Wakili haruhusiwi, kabla ya kumaliza kumwakilisha mteja, kufanya makubaliano ya kupata haki za kitabu au filamu kuhusu kesi hiyo. Mwendesha mashtaka wa shirikisho naye amefungwa na usiri wa juri kuu, lile jopo la watu 16 hadi 23 linalokaa faraghani kuamua kama mtu ashtakiwe, ambamo hakuna jaji na wakili wa mtuhumiwa haingii. Kubadilisha majina hakutoshi. Kama mteja, au jirani yake, anaweza kujitambua kwa mpangilio wa matukio, siri imevuja.

Turow alijibu kwa kujenga mahali. Kaunti ya Kindle, ambako karibu riwaya zake zote zinatokea, haipo kwenye ramani. Ina mito yake, wanasiasa wake, magenge yake, majaji wanaozeeka kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Anachokichukua kutoka kazini ni mashine: jinsi jambo linavyofanyika, nani humpigia nani simu, hofu huingia lini. Tukio lenyewe hulibuni upya. Kwa hiyo Personal Injuries ya 1999, kuhusu wakili anayewahonga majaji na kubanwa na serikali avae kinasa sauti, imejaa mbinu za Greylord, kesi za kutunga zikiwamo, lakini huwezi kumnyooshea kidole jaji yeyote wa Chicago. Ilimchukua zaidi ya miaka 10 tangu kesi zile, na nadhani muda huo nao ulikuwa sehemu ya kinga. Mwenye haraka asome kwanza kanuni za maadili za chama chake cha mawakili, kisha ampe muswada mwanasheria mwingine ausome kwa jicho la mteja aliyekasirika.

Sisemi kila kitabu chake ni kizuri. Pleading Guilty ya 1993, ambayo inatokea zaidi ndani ya kampuni ya mawakili kuliko mahakamani, ina msimulizi mcheshi anayechosha. The Laws of Our Fathers ya 1996 imebeba miaka ya sitini yote mgongoni na inatembea polepole. The Burden of Proof ya 1990 nayo wengi waliilalamikia kwa sababu walitaka Presumed Innocent ya pili, lakini sijui riwaya nyingine inayoonyesha kwa usahihi kama huo uchunguzi wa juri kuu unavyomzunguka mtu: hati za kuita nyaraka, mashahidi wanaopewa kinga, wakili anayekisia maswali kwa kuangalia nani ameitwa.

Na Turow si mwanzilishi wa aina hii, kama husemwa. John Voelker, mwendesha mashtaka wa zamani na jaji wa Mahakama ya Juu ya Michigan, alichapisha Anatomy of a Murder mwaka 1958 kwa jina la Robert Traver, akiwa bado kwenye kiti cha ujaji. Mbinu ya kumfanya msomaji akae na wakili anapoandaa kesi ambayo hana hakika nayo ilikuwapo humo tayari.

Kwa mwanasheria kijana anayetaka kusoma kwa manufaa ya kalamu yake, ningeshauri aanze na Presumed Innocent mara mbili: mara ya kwanza kwa starehe, mara ya pili akiwa na karatasi, akiandika kila kielelezo kinapotajwa, kiko mikononi mwa nani, na msomaji anajua nini kuhusu kielelezo hicho kwa ukurasa huo. Afuatishe Personal Injuries kwa ajili ya mazungumzo. Kisha Reversible Errors ya 2002, ambamo wakili wa kampuni kubwa anapewa na mahakama mfungwa aliyebakiza siku 33 kabla ya kuuawa. Aisome sambamba na Ultimate Punishment, aone hoja ipi ya tume iliingia kwenye riwaya kama mtu na ipi ilibaki hoja. The Last Trial ya 2020, Stern akiwa na umri wa miaka 85, ibaki ya mwisho, kwani nusu ya utamu wake ni kumjua mzee huyo tangu 1987.

Wako,
Mwanasheria na msomaji wa riwaya